Njia ya Flash: Kutoka Kishikwambi Hadi Kishikwambi

Video ya mkutano ule ingali mtandaoni, na yeyote anaweza kuitazama. Ni tarehe 27 Januari 2010, ukumbi wa Yerba Buena mjini San Francisco. Steve Jobs ameketi kwenye kiti cha ngozi nyeusi, amepakata kifaa chembamba, na nyuma yake skrini kubwa inawaonyesha watu kila anachokigusa. Ndiyo mara ya kwanza dunia kuiona iPad. Anafungua ukurasa wa gazeti la The New York Times, anausogeza juu na chini kwa kidole, anausifia ulivyo. Humo katikati panatokea mahali patupu. Palipotakiwa kuwa na video pana alama ndogo ya buluu, mfano wa tofali la kuchezea watoto, basi. Jobs anaendelea kana kwamba hajaona. Waliokuwa wakifuatilia waliona, na habari ikaenea upesi: kifaa hiki hakichezi Flash.

Flash ninayoitaja hapa siyo ile flashi ya kubebea mafaili. Ilikuwa programu jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kivinjari kiweze kufanya mambo ambayo peke yake hakiyawezi. Kwa hesabu ya kampuni ya Adobe, waliokuwa wenye mali, robo tatu ya video za mtandaoni wakati ule zilikuwa za Flash. Mahali pale patupu kwenye ukurasa wa gazeti palikuwa mfano mmoja tu wa yale ambayo kila mnunuzi angekutana nayo.

Wengi wetu tulikutana nayo miaka michache baadaye, vishikwambi vilipoanza kutufikia, vingine vikiwa zawadi za ndugu walioko ughaibuni. Unafungua tovuti ya habari au ya mahubiri, unaona picha ya video, unagusa, unasubiri. Hakuna. Unagusa tena. Tulilaumu mtandao, tukalaumu bando, wengine wakaamua kwamba kifaa ni feki. Sababu yenyewe ilikuwa mbali, na kila nilivyozidi kuifuata nyuma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kifaa hakikuwa na kosa. Vioo vile viliweza kuonyesha video bila taabu. Waliozuia ni watu, kwa mikataba, kwa hataza na kwa maamuzi yaliyopitishwa mbali sana na mtazamaji. Nataka njia hiyo ijulikane, maana mpaka leo tunaipita.

Inaanzia miaka 17 kabla ya mkutano wa San Francisco, na inaanzia kwenye kishikwambi.

Januari 1993, Jonathan Gay, mwandishi wa programu wa California aliyejipatia jina akiwa kijana kwa michezo ya kompyuta za Macintosh, Dark Castle ukiwa mmojawapo, alianzisha kampuni ndogo iitwayo FutureWave mjini San Diego pamoja na Charlie Jackson. Wakati huo palikuwa na kampuni nyingine, GO, iliyoamini kwamba kompyuta za baadaye hazitakuwa na kibodi. Mtu atashika ubao mwepesi mkononi na kuandika juu ya kioo chake kwa kalamu. Mfumo wao uliitwa PenPoint, na AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, ilikuwa imetia fedha humo. Gay aliona jambo ambalo leo kila mtoto mwenye kishikwambi analijua: kuchora kwa kalamu juu ya kioo ni rahisi kuliko kuchora kwa kipanya. Watu wakiwa na vibao hivi watataka programu ya kuchorea, na FutureWave ikaanza kuiandika. Waliiita SmartSketch.

Vibao vile havikununuliwa. Vilikuwa ghali, vizito, na havikujua vizuri kusoma mwandiko wa mtu. Mapema 1994 AT&T ikajitoa, PenPoint ikafa, na FutureWave ikabaki na programu nzuri ya kuchorea juu ya kifaa ambacho hakuna mtu atakayekuwa nacho.

Sehemu hii ya njia ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoamuliwa, na kwa bahati tu. Wangeweza kufunga duka. Badala yake waliihamishia SmartSketch kwenye Windows na Macintosh, wakajikuta wanashindana na wakubwa wa uchoraji wa kompyuta. Katika maonyesho ya mwaka 1995 watu waliipitia programu yao na kuwaambia, mbona msiitumie kutengenezea katuni? Mwaka huohuo ndio kila mtu alikuwa anaanza kusikia habari za intaneti. Wakaongeza uwezo wa kusogeza michoro. Oktoba 1995 walijaribu kuiuza kazi yao kwa Adobe, na Adobe ikakataa. Baada ya muda Netscape, kivinjari kilichotawala siku hizo, kikafungua mlango kwa programu jalizi za watu wa nje, na FutureWave wakapita hapo. Katikati ya mwaka 1996 walitoa FutureSplash Animator. Microsoft wakaitumia kwenye tovuti yao ya MSN, Disney nao wakaitumia, na Desemba mwaka huo kampuni ya Macromedia ikainunua FutureWave yote. Jina likafupishwa likawa Flash.

Ilishika kwa sababu ilikuwa nyepesi. Picha ya kawaida ya kompyuta hutunza rangi ya kila nukta. Flash ilitunza maelezo ya mistari na mikunjo. Duara kubwa linaweza kuelezwa kwa tarakimu chache: kitovu kiko wapi, ukubwa kiasi gani, rangi gani. Kwa mtu aliyekuwa akiunganisha kompyuta kwa waya wa simu ya mezani na kusikia modemu ikilia, tofauti ilikuwa ya sekunde kwa dakika nyingi.

Video iliingia baadaye. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutazama video mtandaoni kulitaka uwe na mchezeshaji wake mahususi. Tovuti hii inataka RealPlayer, ile inataka QuickTime ya Apple, ya tatu inataka Windows Media, na kila mmoja anakuomba upakue chake. Mwaka 2002 Macromedia waliingiza video ndani ya Flash, na kwa kuwa Flash ilikuwa tayari imo karibu katika kila kompyuta kwa ajili ya katuni na matangazo, mtazamaji hakutakiwa kupakua kitu kingine. Ilikuwa imeshafika nyumbani kwake kabla hajaihitaji. Mwaka 2005 Adobe, wale walioikataa mara ya kwanza, waliinunua Macromedia kwa dola bilioni 3.4.

Mwaka huohuo, tarehe 23 Aprili, Jawed Karim alipakia video ya kwanza kabisa ya YouTube, yenye urefu wa sekunde 19, akiwa mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, mji uleule wa FutureWave. Kilichoifanya YouTube ishinde kwa upande wa ufundi ni kwamba mpakiaji hakuulizwa faili lake ni la aina gani. Lete chochote kamera yako inachotoa; seva zao zitaligeuza liwe video ya Flash, na mtazamaji ataliona. Taabu yote ya fomati ilihama kutoka kwa mtu wa nyumbani ikaenda kwenye seva.

Huku kwetu taabu hiyo ilibebwa na watu. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, ikitua Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setelaiti, na kutazama wimbo wa dakika nne mtandaoni kulitaka subira na fedha. Kwa hiyo video zilisafiri mkononi. Kijana wa duka la nyimbo, mwenye kompyuta moja na spika mbili mlangoni, alipokea memori kadi yako, akakuuliza simu yako ni aina gani, kisha akaugeuza wimbo kuwa 3GP, fomati iliyobuniwa kwa ajili ya simu ndogo, kwa programu kama Format Factory, ndipo akakujazia. Alijua kwa uzoefu simu ipi inakubali nini na ipi itakuandikia kwamba faili halifunguki. Kazi ambayo YouTube waliifanya kwa seva, vijana hawa waliifanya mteja mmoja mmoja, na ninasikitika kwamba katika historia za teknolojia zetu hawaandikwi. Video nyingi za Bongo Fleva za wakati ule zilienea kwa mikono yao na kwa Bluetooth.

Sasa, kwa nini kifaa kimoja kikubali na kingine kikatae? Jina la faili mara nyingi hudanganya. MP4, AVI, MKV, FLV, hayo ni majina ya gunia. Kilichomo ndani ni jambo jingine: ni namna picha zilivyobanwa, na namna hiyo huitwa kodeki. Magunia mawili yenye maandishi ya MP4 yanaweza kuwa na vitu viwili tofauti, na kifaa kikalifungua moja na kulikataa la pili. Ubanaji huu hauepukiki. Video isiyobanwa, hata ya skrini ndogo, ingemaliza bando la mwezi ndani ya dakika chache. Na anayebanua ni kifaa chako, mara 25 au 30 kila sekunde, muda wote unaotazama.

Kompyuta ya mezani inaweza kufanya kazi hiyo kwa nguvu tu, kwa kuwa imechomekwa ukutani. Kishikwambi kina betri. Ndiyo maana ndani ya chipu za simu na vishikwambi huwekwa saketi maalumu inayojua kubanua kodeki fulani na isiyojua nyingine. Saketi hiyo hutumia umeme kidogo sana, lakini ikishachongwa haibadiliki. Iliyochaguliwa kuchongwa karibu kila mahali ni H.264, iliyopitishwa mwaka 2003 na taasisi za kimataifa za viwango. Apple walipotoa iPhone mwaka 2007 bila Flash, walikuwa wamekwisha kukubaliana na YouTube waanze kuzigeuza video zao ziwe pia za H.264. Ndiyo sababu YouTube ilicheza kwenye iPhone na iPad tangu siku ya kwanza huku tovuti nyingine zikionyesha utupu.

Tarehe 29 Aprili 2010, iPad ikiwa madukani kwa wiki chache, Jobs alichapisha waraka wa wazi kuhusu Flash. Ulitoa sababu sita. Nimeusoma tena kwa ajili ya makala haya, na ninaona ni maandishi yenye nguvu, yenye ukweli mwingi, na mahali pamoja hayamtendei haki msomaji. Kuhusu betri alisema kweli: H.264 ikibanuliwa na chipu, video huchezwa kwa saa zipatazo 10, na ikibanuliwa kwa programu tupu muda hushuka chini ya saa 5. Kuhusu usalama na uthabiti, miaka iliyofuata ilimthibitisha. Matundu ya Flash yalizibwa kila mara na mengine yakafunguka. Kuhusu kidole pia alikuwa na hoja. Tovuti nyingi za Flash zilikuwa na menyu zinazofunguka kipanya kikipita juu yake tu bila kubofya, na kidole hakina namna ya kupita juu ya kitu bila kukigusa.

Hapo ndipo mtu anayeijua njia ya nyuma hulazimika kusimama. Programu iliyoanza kuandikwa kwa ajili ya kalamu juu ya kioo, kabla ya kuwapo kivinjari cha kuipachikia, ilikuwa inaambiwa haikufaa kwa kioo cha kugusa. Na ni kweli haikufaa tena. Miaka 14 ya kipanya ilikuwa imeigeuza.

Pasipo haki ni pale alipozungumzia uwazi. Alisema Flash ni mali ya kampuni moja, na kwamba mtandao unapaswa kuwa wa viwango vilivyo wazi. Sawa kabisa. Lakini H.264 aliyoitetea ilikuwa imezungukwa na hataza nyingi zilizosimamiwa kwa pamoja na shirika la MPEG LA, na Apple yenyewe ilikuwa miongoni mwa wenye hataza hizo. Kiwango kilikuwa wazi kwa maana ya kusomeka. Kukitumia kulikuwa na bei. Kwa mwandishi wa programu huria mwenye kompyuta yake tu, bei hiyo ilikuwa ukuta.

Na ugomvi juu ya ukuta huo ulikuwa umeanza kabla ya iPad. Februari 2007 watu wa kivinjari cha Opera walipendekeza kwamba lugha ya kurasa za mtandao iwe na alama yake ya video, ili kivinjari kicheze chenyewe bila jalizi la kampuni yoyote. Pendekezo lilikubalika. Swali likawa kodeki ipi. Rasimu ya awali ilielekeza Ogg Theora, isiyodai mrabaha. Nokia na Apple walipinga, na Desemba 2007 maelekezo hayo yakaondolewa. Mwaka 2009 mhariri wa rasimu, Ian Hickson, akatangaza kwamba hapatatajwa kodeki yoyote, maana vivinjari vikubwa havikukubaliana. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: alama moja ya video, iliyoandikwa vilevile kila mahali, lakini Firefox ilicheza Theora bila H.264, Safari ilicheza H.264 bila Theora, na Chrome ilicheza zote mbili.

Februari 2010 Google waliinunua kampuni ya On2, na tarehe 19 Mei wakaitoa kodeki yake ya VP8 bure kwa wote, ndani ya gunia jipya liitwalo WebM. On2 ni nyumba ya kutazamwa vizuri. Theora ilitokana na kodeki yao ya zamani, VP3, waliyoikabidhi kwa watu wa programu huria. Video nyingi za Flash za kuanzia 2005 nazo zilitumia VP6 yao. Pande mbili zilizoonekana kupigana zilikuwa zimechota kwenye kisima kimoja. Agosti mwaka huo MPEG LA nao wakatangaza kwamba video za H.264 zinazotazamwa bure mtandaoni hazitadaiwa mrabaha kamwe. Sidhani wangefanya hivyo WebM isingetokea. Mtazamaji wa iPad hakuonja WebM kwa miaka mingi, lakini alifaidika na ushindani ule bila kujua.

Wakati wakubwa wakijadiliana, watu walitafuta vichochoro. Tarehe 3 Novemba 2010 programu iitwayo Skyfire iliingia kwenye duka la Apple kwa ajili ya iPhone, na ya iPad ikafuata mwezi uliofuata. Ulipokutana na video ya Flash, Skyfire iliituma kwenye seva zao, ikageuzwa, ikarudishwa kwako ikiwa katika hali inayochezeka. Siku ya kwanza watu walimiminika hata seva zikazidiwa, ikabidi mauzo yasimamishwe kwa muda. Ilisaidia kwa video peke yake. Michezo na kurasa nzima za Flash zilibaki vilevile. Puffin nayo ilikwenda mbali zaidi kwa kuuendesha ukurasa mzima kwenye seva ya mbali na kukuletea taswira yake.

Upande wa Android mambo yalionekana mazuri kwa kitambo. Juni 2010 Adobe walitoa Flash ya simu, na kwa miezi mingi wauza vishikwambi waliandika kwenye matangazo kwamba chao kinacheza Flash, wakimlenga mwenye iPad. BlackBerry PlayBook ya Aprili 2011 ilijinadi hivyo. Ahadi haikutimia sawasawa. Video zilikwamakwama, betri ziliisha, na menyu za kipanya zilibaki kuwa menyu za kipanya. Jobs alifariki tarehe 5 Oktoba 2011. Tarehe 9 Novemba, wiki tano baadaye, Adobe wakatangaza kwamba hawataiendeleza tena Flash ya kwenye vivinjari vya simu na vishikwambi. Tarehe 15 Agosti 2012 wakazuia watu wapya wasiipakue kwenye duka la Google.

Kilichofuata kwa mwenye kishikwambi cha Android ni kipindi cha mafaili ya APK. Uliambiwa nenda kwenye mipangilio, ruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana, pakua Flash ya zamani, weka na kivinjari cha zamani kinachoikubali. Ilifanya kazi kwa waliobahatika kupata faili halisi. Wengine walipata virusi vilivyovaa jina la Flash Player, na udanganyifu huo uliendelea miaka mingi, kwa sababu wezi walijua vizuri hamu ya mtu aliyeonyeshwa video asiyoweza kuiona.

Kichochoro ninachokipenda kuliko vyote kina alama ya koni ya barabarani. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale huko Paris walitaka mtandao wa kasi kwenye mabweni yao, na sababu waliyoitumia kuupata ilikuwa kurusha matangazo ya televisheni ya setelaiti kupitia nyaya za kompyuta, ili bweni lisihitaji dishi na king'amuzi kwa kila mtu. Kutokana na mradi huo ilizaliwa VLC, programu ya kuchezesha video, iliyotolewa kwa leseni huria mwaka 2001. Waandishi wake waliweka ndani yake kodeki zote walizoweza kuzipata, bila kusubiri mfumo wa kompyuta uzilete. Septemba 2010 VLC ilifika kwenye iPad, na mtu aliweza kuweka AVI au MKV na kuitazama bila kuigeuza. Januari 2011 ikaondolewa dukani. Mmoja wa waandishi wake, Rémi Denis-Courmont, alikuwa amelalamika kwamba masharti ya duka la Apple yanavunja leseni ya GPL, inayompa kila mpokeaji haki ya kuinakili na kuisambaza kazi ile. Watumiaji wengi walimlaumu. Mimi ninamwelewa. Uhuru huohuo alioutetea ndio uliowezesha VLC iwepo. Suluhisho lilikuwa kuwatafuta waandishi wa vipande mbalimbali vya VLC, mmoja mmoja, na kuwaomba wakubali leseni nyingine. Ilichukua muda, na Julai 2013 VLC ikarudi kwenye iPad.

Flash yenyewe ilikwenda ikififia. Januari 2015 YouTube waliiacha kama njia yao ya kawaida kwenye vivinjari vya kompyuta. Julai 2017 Adobe wakatangaza mwisho wake, na tarehe 31 Desemba 2020 msaada ukakoma. Kuanzia tarehe 12 Januari 2021 mchezeshaji wa Adobe akakataa kufungua chochote. Afrika Kusini, mamlaka ya mapato ilikuwa na fomu za kodi zilizotengenezwa kwa Flash na ambazo hazijahamishwa zote, hivyo mwezi huohuo ikatoa kivinjari chake yenyewe ili walipa kodi waendelee kuzijaza. Wako waliocheka. Lakini fomu ya kodi ni jambo zito kuliko katuni, na mtu anayetakiwa kulipa leo hawezi kuambiwa asubiri fomati mpya.

Novemba 2020, wiki chache kabla ya mwisho huo, Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, walianza kuhifadhi katuni na michezo ya Flash na kuiruhusu ichezwe upya ndani ya kivinjari kupitia Ruffle. Ruffle ni programu huria iliyoandikwa na watu wa kujitolea, inayosoma faili la Flash na kulitekeleza kwa kutumia uwezo ambao kila kivinjari cha sasa tayari kinao. Haihitaji jalizi. Inafanya kazi kwenye kishikwambi cha Android na inafanya kazi kwenye iPad. Nimefungua katuni za miaka ya 2000 kwenye kioo cha kugusa na zimecheza tangu mwanzo hadi mwisho.

Video ni habari nyingine. Ruffle inaweza kuzibanua kodeki za zamani za Flash faili likiwapo. Lakini mara nyingi kilichokuwa ndani ya ukurasa ni mchezeshaji tu. Picha zenyewe zilikaa kwenye seva ya tovuti, na seva ile ilizimwa tovuti ilipohamia fomati mpya au ilipofungwa. Ukurasa upo, kitufe cha kuchezesha kipo, na hakuna cha kuchezesha. Mahojiano, mahubiri, taarifa za habari na nyimbo ambazo mwenyewe hakuwa na nakala nyingine zimekwenda kwa namna hiyo. Mwenye CD au diski kuu ya zamani yenye mafaili ya FLV, RM, WMV au 3GP bado ana bahati. Programu huria ya HandBrake au VLC yenyewe inaweza kuyageuza kuwa MP4 ya H.264, na hiyo ndiyo kodeki inayokubalika na karibu kila kifaa kilicho mikononi mwa watu leo. Asilifute faili la awali, maana kila ugeuzaji hupunguza ubora kidogo.

Ubishi wa mwaka 2010 sasa umehamia kwa AV1, kodeki isiyodai mrabaha iliyotolewa mwaka 2018 na muungano ulioasisiwa na Google, Mozilla, Cisco, Microsoft na wengineo, Apple wakajiunga baadaye. Inabana kuliko H.264 kwa kiasi kikubwa, jambo ambalo mnunuzi wa bando angelifurahia. Swali la saketi limerudi lilelile. iPad ya kwanza yenye saketi ya kubanua AV1 ni iPad Pro ya mwaka 2024 yenye chipu ya M4. Vishikwambi vingi vya bei nafuu havina kabisa. Visivyokuwa nayo huweza kubanua kwa programu, na programu iliyo nyepesi kwa kazi hiyo inaitwa dav1d, kazi ya watu walewale wa koni ya barabarani. Inacheza, ila betri inaliwa zaidi. Kwa hiyo YouTube huweka nakala kadhaa za video moja, na kifaa chako kinapoomba, hueleza kwanza kinaweza kubanua nini. Kishikwambi cha miaka 10 iliyopita kikiomba leo, bado hupewa nakala ya H.264.